Maabara ya Mtu Mmoja

Kama mwajiri wangu angekuwa mtu mkali, mambo yangekwisha mapema. Mtu mkali unajua la kufanya naye: anafoka, na wewe unafoka, mmoja wenu anafungasha virago. Wa kwangu alikuwa mpole. Alikuwa daktari mstaafu mwenye zahanati yake, mzee wa mvi kichwa kizima, na sweta la kijivu alilolivaa Januari hadi Desemba. Na kila alipotaka kuchukua siku yangu ya mapumziko, alianza kwa kuniuliza hali ya mama yangu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Mama huko kijijini Kaengesa hajambo?"

"Hajambo, Dokta."

"Mahindi yake mwaka huu yamebeba?"

"Yamebeba."

"Mungu ni mwema. Sasa, mwanangu, hii Jumamosi..."

Akifika kwenye Jumamosi mimi nimeshajibu maswali mawili mema kwa majibu mema, uso wangu umeshalainika, na heshima niliyoanza nayo mlangoni bado iko katikati yetu kama meza. Utaanzia wapi kumkatalia? Nilikuwa nasema "sawa, Dokta" kisha narudi maabara, nafunga mlango na kujitukana kimoyomoyo.

Zahanati yake ilikuwa Sumbawanga mjini, kwenye njia ya kutokea sokoni. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitano iliyopakwa rangi ya buluu hadi usawa wa kiuno, na maabara ilikuwa chumba cha mwisho, kile kisichopata jua. Ukitaka kujua baridi ya Ufipa, njoo ukae kwenye kile chumba mwezi wa sita, vidole vyako juu ya chuma cha darubini. Kazi yangu ilikuwa kupima: damu, mkojo, choo, makohozi. Mgonjwa anaingia kwa daktari, anatumwa kwangu, namtoboa kidole, nasoma, naandika, anarudi kwa daktari. Kazi ninaipenda. Hilo niliseme mapema, maana watu wakinisikia nalalamika hudhani sikupenda kazi.

Tulikuwa wapimaji wawili. Mwenzangu na mimi tuligawana siku: mmoja asubuhi, mwingine kuanzia saa nane mchana mpaka tunafunga, na Jumapili tunapokezana. Kisha mwenzangu akapata ajira serikalini, akapangiwa zahanati moja huko Wampembe, ziwani. Tulimfanyia sherehe ya soda na keki. Dokta alisimama akatoa hotuba, akasema tunampoteza binti hodari lakini asiwe na wasiwasi, pengo lake litazibwa ndani ya wiki mbili.

Wiki mbili zile zilichukua miezi saba.

Mwanzoni sikuona tatizo. Nilijiambia ni wiki mbili tu, mtu mzima ananiomba, nitamsaidia. Nikawa nafungua maabara asubuhi na kuifunga mwenyewe, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili nikitoka misa ya kwanza naenda "kuchungulia tu," kama alivyopenda kusema. Nikichungulia nakuta watu kumi na wawili kwenye benchi. Na isidhaniwe ni habari ya malipo. Zamu za ziada alilipa, tena bila kukumbushwa, na ndiyo maana nilipoanza kulalamika kila mtu alinishangaa. Kaka yangu aliniambia, "Wenzako wanazunguka na vyeti kwenye bahasha, wewe unalia kwa sababu una kazi nyingi?" Nilimjibu kwamba sijalia. Akasema sauti yangu inalia.

Kilichoniuma zaidi ni mwanangu. Nina binti mmoja, wakati huo alikuwa na miaka tisa. Baba yake ana maisha yake Mbeya na hatuna ugomvi. Mwezi wa pili wa zile wiki mbili, jirani aliyekuwa ananiangalizia mtoto jioni aliniambia kwa adabu kwamba amechoka. Sikumlaumu. Nikampeleka binti Kaengesa kwa mama yangu, nikamhamisha na shule. Nilimwambia ni kwa muda. Akaniuliza muda gani. Nikamwambia mpaka Dokta apate mtu. Akaniuliza, "Kwani anamtafutia wapi?" Swali la maana kabisa, na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kumuuliza Dokta.

Nilimuuliza. Akasema anatafuta, lakini vijana wa siku hizi hawaaminiki. "Wewe nimekuzoea," akasema, kama vile ananipa zawadi.

Kuna Jumamosi moja nilikataa kwa kujificha. Nilimwambia muuguzi wetu, mama mmoja wa makamo ambaye ndiye aliyeendesha ile zahanati kwa kweli, kwamba leo mchana sirudi, naenda kusuka. Nikaenda saluni, nikazima simu, nikajiachia kwenye kiti. Msusi ameshamaliza upande wa kushoto, mtindo wa twende kilioni, safi, upande wa kulia nywele zimesimama kama manyoya ya kuku aliyelowa, mara gari jeupe likasimama nje. Dokta mwenyewe. Alishuka, akagonga mlango wa saluni ya wanawake, akageuza uso pembeni kwa heshima, akasema kwa sauti ile ile ya upole:

"Mwanangu, samahani sana. Watu wamejaa."

Kina mama wote saluni wakanitazama. Mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akasema, "Dada, si uende? Wagonjwa hao." Nikaenda. Nilijifunga kitenge kichwani, nikapima watu kumi na tisa nikiwa nusu nimesukwa nusu sijasukwa. Nilirudi saluni Jumanne. Siku tatu nilitembea mjini na kitenge kichwani, na kila aliyeniona aliniuliza kama nimefiwa.

Bado sikusema kitu. Nadhani ningeendelea hivyo mpaka leo kama si yule mama aliyetoka kijiji cha Kate.

Ilikuwa siku ya kawaida, ya kumi na tisa au ya ishirini mfululizo bila kupumzika, nilishapoteza hesabu. Walikuja wanawake wawili wenye jina moja la ukoo, jina ambalo Ufipa utalikuta kila baada ya nyumba tatu. Mmoja alikuwa kijana wa mjini anayelalamika tumbo. Mwingine alikuwa mjamzito, ametoka upande wa Kate, amekuja kwa ndugu zake na kupitia kwetu kupima wingi wa damu kabla ya kurudi. Nilipima wote wawili wingi wa damu. Nilisoma vizuri. Kisha nikaandika majibu ya huyu kwenye karatasi ya yule.

Muuguzi alikuja mlangoni kwangu dakika kama ishirini baadaye. Hakuniuliza kwa ukali.

"Yule mjamzito umemwandikia damu nzuri?"

"Nimeandika nilichosoma."

"Viganja vyake vyeupe kama karatasi. Nimemwona wakati anatoka, nikasema nikuulize."

Nilifungua kitabu cha maabara. Nikatazama namba za chupa. Nikazifuata kwa kidole mara mbili. Damu ya yule mama ilikuwa sita, na mjamzito hatakiwi kushuka chini ya kumi na moja. Sita, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, na mimi nimempa karatasi inayosema yuko salama aende zake.

Sikuvua koti. Nilitoka mbio na koti jeupe, nikapita katikati ya wauza nyanya, nikapita wauza migebuka, wale samaki wa ziwani, watu wananipisha wakidhani kuna mtu amekufa. Nilimkuta kwenye magari ya kwenda Kate, ameshapanda, ameweka mzigo wake mapajani, anakula ndizi. Gari lilikuwa linasubiri abiria wawili lijae. Ningechelewa kidogo tu, sitaki kufikiria.

"Mama, shuka. Nimekosea majibu yako."

Alinitazama. Kondakta akaanza kelele kwamba nauli hairudi. Yule mama alishuka taratibu, akanishika mkono, maana nilikuwa nahema kuliko yeye, akasema, "Pole, dada. Na wewe mbona kama unaumwa?"

Tulimpeleka hospitali kubwa siku ile ile, akalazwa, akaongezewa damu. Baadaye nilisikia alijifungua salama. Lakini siku ile nilikaa maabara na kioo cha darubini mbele yangu nikawa siwezi kusoma kitu, kila nikiinama naona giza.

Nilikwenda kwa Dokta. Nilimweleza yote, sikujificha. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa, akasema, "Mungu ni mwema. Hakuna kilichoharibika." Akafumbua macho. "Sasa kesho, mwanangu, kuna watu wa kiwanda cha unga wanakuja kupimwa, itabidi uwahi kidogo."

Nilitoka na hasira. Sikuwa na hasira ya kupiga mtu. Ilikuwa ile hasira ya kuongea na mtu anayekusikia kila neno na halimwingii hata moja.

Nikaandika barua. Nilikaa nayo siku mbili, nikaiandika kwa mkono, kurasa mbili. Niliandika kwamba tangu mwenzangu aondoke nafanya kazi ya watu wawili, kwamba sheria inataka mfanyakazi apate siku nzima ya mapumziko kila wiki, kwamba nimekosea majibu na nitakosea tena. Nikampelekea. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, mimi nimesimama. Kisha akaniangalia kwa furaha kabisa.

"Una mwandiko mzuri sana," akasema. "Vijana wa siku hizi hawaandiki hivi. Hapa tu," akachukua kalamu, "ungeweka mkato."

Akaweka mkato. Akaikunja barua, akaifungia kwenye droo.

Niliporudi maabara muuguzi aliniuliza imekuwaje. Nilimwambia nimesahihishwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka wakati ule. Yeye ndiye aliyeniambia niende kwa afisa kazi.

Nilikwenda mapema asubuhi kabla ya kufungua maabara. Afisa mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, amezungukwa na majalada. Aliniuliza kama mwajiri amepokea malalamiko yangu kwa maandishi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ana saini kwamba amepokea. Nikasema hapana, ila ameweka mkato. Hakuelewa, na mimi sikumweleza.

"Wengi wanakuja hapa wakiwa wameshafukuzwa au wameshaacha kazi kwa hasira," akasema. "Wewe bado uko kazini. Rudi, andika nakala mbili, asaini moja ubaki nayo. Mwambie saa zako ni zipi. Usigombane naye. Akikataa kabisa, njoo."

Niliandika tena, nakala mbili, mikato nimeweka yote. Dokta alipoona nafasi ya saini chini ya ukurasa alivua miwani.

"Mwanangu, tumefika huko?"

"Tumefika, Dokta."

Alisaini. Mkono wake ulikuwa mzito, na nilimwonea huruma, nikajikasirikia kwa kumwonea huruma. Nikatumia nafasi ile ile kumwambia kwamba Jumapili ya wiki inayofuata sitakuwepo kabisa, hata kwa kuchungulia, binti yangu anapokea Komunyo ya kwanza Kaengesa. Akasema, "Hongera sana. Lazima uende." Nikaamini.

Jumapili ile ilikuwa ya jua na upepo. Watoto walipanga mstari nje ya kanisa la misheni, wasichana wamevaa nguo nyeupe, upepo unazipeperusha, wanazishika kwa mikono miwili. Binti yangu alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Baada ya misa tulikwenda nyumbani kwa mama. Wajomba walikuwepo, majirani, mkatekista, wali na kuku viko tayari, turubai limefungwa kwenye miti ya mikaratusi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika sahani niwapakulie wageni, nikasikia gari.

Jeupe.

Kwa nukta moja nilidhani amekuja kusherehekea. Alishuka na sweta lake, akawasalimia wazee mmoja mmoja, akamshika binti yangu kichwani akambariki. Kisha akanivuta pembeni, ila si mbali kiasi cha watu kutosikia.

"Mwanangu, kuna vijana wanane wa chuo. Wanasafiri kesho, wanataka fomu zao za afya zijazwe. Ni saa mbili tu, nitakurudisha mwenyewe na gari."

Fomu. Hapakuwa na mtu anayetokwa damu, wala mtoto mwenye degedege. Vijana wanane wazima waliokaa na fomu zao mwezi mzima, wakazikumbuka Jumapili ya mwanangu.

Kabla sijafungua mdomo mama yangu alishanisogelea. "Mwanangu, mtu mzima amefunga safari mwenyewe. Nenda, tutakuwekea chakula." Na mjomba mmoja nyuma yake, "Nenda tu, kazi ni kazi." Nilitazama watu wote wale, wangu wa damu, wamesimama upande wa Dokta kwa sababu amekuja na gari na amewasalimia vizuri. Kisha nikamwona binti yangu. Hakulia. Alikuwa ameanza kuvua ua alilobanwa kichwani, kama mtu anayejua sherehe imekwisha. Alikuwa amezoea.

"Dokta," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Karibu chakula. Mimi leo sipimi mtu."

"Ni saa mbili tu, mwanangu."

"Hata dakika mbili sipimi. Wiki iliyopita uliniambia lazima nije huku. Nimekuja. Hao vijana waende hospitali au wangoje kesho."

"Nimewaahidi."

"Umewaahidi mikono yangu bila kuniuliza."

Mama yangu alinivuta mkono, amekunja uso, kwamba namwaibisha. Kisha akamgeukia Dokta, na nina hakika hakuwa na nia ya kumchoma, alitaka tu kuelewa shida ya mgeni ili amsaidie.

"Kwani Dokta, mji mzima ule, anayejua kupima ni huyu mtoto peke yake?"

Dokta alivuta mikono ya sweta lake. Wajomba nao wakamtazama, wanasubiri jibu, maana swali lilikuwa zuri na wao pia wangependa kujua.

"Wapo," akasema mwishowe.

"Ehe," mama akasema. "Basi kaa ule."

Akakaa. Alipakuliwa paja la kuku, akala kwa adabu, simu yake ikaita mara nne, na mara ya nne nikamsikia akisema, "Njooni kesho asubuhi." Aliondoka bila kuniaga.

Jumatatu aliniita, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za mama. Alikuwa amekasirika. Alisema nimemdhalilisha mbele ya wakulima na mkatekista, kwamba alinipokea kutoka chuo sijui hata kushika pipeti, kwamba alinichukulia kama mwanawe. Nilimwacha amalize. Yote aliyosema kuhusu kunipokea yalikuwa kweli.

"Ndiyo, Dokta. Nakushukuru, na sitaacha kukushukuru," nikasema. "Kuanzia leo naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi. Jumamosi nusu siku, Jumapili sipo. Kama haikufai, niambie nikuandikie barua ya kuacha kazi, nitakaa mwezi mzima wa notisi. Lakini mgonjwa mwingine kama yule mama wa Kate sitamkimbilia tena."

Akavaa miwani, akavuta faili la mgonjwa. Saa kumi ilipofika nilivua koti, nikalitundika, nikapita mbele ya benchi lenye watu watano. Sijawahi kutembea hatua ndefu kama zile. Mzee mmoja aliniuliza, "Dokta, unatuacha?" Nikamwambia ndiyo, zamu yangu imekwisha, na muuguzi atawaelekeza pa kwenda. Nilifika nyumbani nikajisikia mwizi. Nilikaa kwenye stuli jikoni na mkoba bado begani, nikawaza kurudi. Sikurudi.

Wiki tatu aliniadhibu kwa ukimya. Alikuwa anaingia maabara mwenyewe jioni, na macho yake ya kizee, anasoma slaidi moja nusu saa nzima. Muuguzi ndiye aliyeniambia. Alitaka nijisikie vibaya, na nilijisikia vibaya, lakini saa kumi niliondoka vile vile. Wiki ya nne akaleta mtu.

Alikuwa mama mmoja aliyestaafu hospitalini, mnene, mwenye kandambili zake mwenyewe za ofisini. Alikubali jioni tatu kwa wiki na Jumapili moja moja. Siku yake ya tano nilikuwa bado namkabidhi kitabu Dokta alipoingia, akamuuliza hali ya wajukuu, akamuuliza maharage yake, kisha akasema, "Sasa, mama, hii Alhamisi..."

"Siwezi," akasema yule mama. Hakuinua hata jicho kwenye darubini.

"Haya," akasema Dokta, akatoka.

Haya! Nilibaki nimeshika kitabu. Mimi nilihitaji barua mbili, afisa wa serikali, Komunyo na ukoo mzima, yeye neno moja. Nilikasirika siku nzima, na hata sasa sijui nilimkasirikia nani kati yetu watatu.

Bado nafanya kazi pale. Dokta alianza tena kuniuliza habari za mama karibu na msimu wa kuvuna, na sasa akiuliza anaishia hapo. Binti yangu nilimrudisha mjini muhula ulipofungwa. Jumamosi ya kwanza nikiwa naye nyumbani mchana, sikujua la kufanya. Nilifua, nikapika dagaa, nikafagia palipokwisha kufagiwa, kisha nikajilaza kwenye mkeka sebuleni, nikapitiwa na usingizi. Niliposhtuka alikuwa amechuchumaa karibu yangu, ameweka kiganja kwenye paji la uso wangu.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana. Nimepumzika."

Aliondoa kiganja. "Basi sogea," akasema, akajilaza na yeye.